Sireli na Mbizi ya Tatu

Shemeji yangu Sireli alikuwa akiwashika wageni mkono. Hiyo ndiyo kazi aliyoifanya miaka kumi na moja, katika hoteli ndogo iliyokuwa upande wa pili wa kisiwa chetu, mwendo wa saa moja kwa miguu kutoka kijijini Vunidilo. Wageni walikuja kuzamia kwenye matumbawe laini, yale ya zambarau na ya manjano yanayofunguka mkondo ukianza kuvuta. Wengine walifika na vifaa vya bei mbaya na woga mwingi. Sireli alimshika mwoga kifundo cha mkono, kidole gumba juu ya mshipa, akashuka naye taratibu huku akiusikiliza moyo wake. Moyo ukienda mbio, alisimama. Ukitulia, aliendelea. Alinisimulia habari ya mwanamume mmoja mnene, askari mstaafu, aliyemrudisha juu mara nne. Mara ya tano mtu yule alishuka mpaka chini, akamwona kasa amelala chini ya jabali, akalia ndani ya miwani yake mpaka machozi yakamziba macho.

Samaki wa upande ule aliwajua mmoja mmoja, na aliwapa majina ya watu wa kijijini. Chewa mmoja mkubwa, mwenye mdomo ulioning'inia, alimwita kwa jina langu.

"Leo nimekuona, Peceli," aliniambia jioni moja tukinywa yangona, kile kinywaji cha mizizi kinacholegeza mwili. "Ulikuwa umekaa mlangoni kwako, mdomo wazi, unangoja chakula kije chenyewe."

"Na wewe nilikuona," nikamjibu. "Ulikuwa yule samaki mkunga mwenye meno mabovu."

Sireli ni mtoto wa shangazi yangu, kisha akamwoa dada yangu Akosita, kwa hiyo alikuwa mtani wangu mara mbili. Watu wa namna yetu wanaweza kutukanana mbele ya mchungaji na asiudhike mtu. Kwa Akosita ilikuwa kinyume. Kaka na dada kwetu huheshimiana kwa kukaa mbali. Nikiwa na neno kwake nilimpa Sireli ampelekee, naye akanirudishia jibu, mara nyingi akiwa ameongeza matusi yake mwenyewe njiani.

Halafu kikaja kile kimbunga kikubwa. Kiliondoa paa la hoteli, gati na mashua zote, na mapango ya matumbawe aliyokuwa akiwapeleka wageni yakavunjika yakawa kama vigae vya chungu. Wenye hoteli walikuja mara moja tu na fundi wa kukagua, wakapiga picha, wakaondoka. Hawakurudi. Sireli alirudi nyumbani na miwani yake ya kuzamia na cheti chake ndani ya mfuko wa plastiki, akaanza kulima muhogo kama sisi wengine. Hakuwa mkulima mzuri. Akosita ndiye aliyekuwa akinyoosha mistari yake.

Mwaka mmoja na nusu baadaye akafika Eparama. Alikuwa mtu wa kisiwa kingine, mwenye adabu, mnene wa shingo, na alileta fungu la mizizi ya yangona kwa mkuu wa kijiji kama inavyotakiwa, akakaa chini kwenye mkeka akasema haja yake. Alikuwa na mashine ya kujaza hewa, mitungi, na kibali. Alitaka majongoo bahari, wale wanyama laini wa mchangani, akawauze ng'ambo.

Watoto wa kwetu huwaokota majongoo hao maji yakipwa, wakawaminya ili warushe maji, wakalengana nao. Hatukuwahi kufikiri kuna mtu angekuja na mashine kwa ajili yao. Lakini wale wa maji mafupi walikuwa wameshaisha katika visiwa vingi, na waliobaki walikuwa chini zaidi. Vijana walikubali kabla yangona haijazunguka mara mbili. Mimi pia nilikubali, na sikuwa kijana.

Sireli alikataa. Alisimama, jambo ambalo halifanywi watu wakiwa wamekaa, akaomba radhi, akakaa tena, akaeleza. Ukikaa chini sana kwa muda mrefu, alisema, hewa unayovuta inaingia ndani ya damu na nyama, inatulia humo kwa sababu maji yanakukandamiza. Ukipanda pole pole inatoka kwa pumzi. Ukipanda haraka inafanya kama soda iliyofunguliwa kwa nguvu. Mapovu hayo yakiingia kwenye uti wa mgongo, ndiyo basi.

"Soda," akasema kijana mmoja kwa nyuma, na watu wakacheka.

Wiki nzima aliwatazama wakifanya majaribio ya kuzamia karibu na ufuko, wakishindana kupanda juu kama pomboo. Jumapili baada ya kanisa alikwenda kwa Eparama.

"Watashuka tu, nitake nisitake," aliniambia. "Bora washuke na mtu anayejua kupanda."

Akaweka sheria. Mbizi mbili kwa siku, isizidi. Kina asichovuka mtu. Wakati wa kupanda, kila mmoja ashike kamba yenye fundo iliyoning'inizwa chini ya mashua, mita tano kutoka juu, asiiache mpaka Sireli amguse bega. Vijana walimbandika jina la Mchungaji. Walining'inia kwenye kamba kama popo, wakiimba nyimbo za kanisani ndani ya vifaa vya kupumulia, na sauti zao zikatoka kama nguruwe wanaokula. Yeye aliwaacha waimbe. Kwa miezi mitano hakuumia hata mmoja, na nyumba kadhaa zikapata mabati mapya.

Kisha majongoo wa maji mafupi wakaisha. Kila wiki tulikwenda mbali zaidi na chini zaidi, na kila kina kilipoongezeka Sireli aliwarudisha vijana kadhaa mashambani. Walimnunia. Mwishowe tulibaki wawili tu wa kushuka, yeye na mimi, na mzee Aminiasi wa kuongoza mashua. Eparama alikuwa akimwomba kwa upole, kila mara kidogo tu, mita chache tu, na Sireli alikuwa amekwishavuka kile kina alichoapa hakitavukwa. Alilijua hilo. Alianza kukaa kimya hata jioni, mtani wangu, na nikimtukana alinijibu baada ya muda, kama mtu anayeitwa kutoka mbali.

Siku yenyewe ilikuwa Jumatano, bahari shwari, saa nane mchana. Tulikuwa kwenye mwamba wa nje, mwendo wa saa tatu kwa mashua kutoka kijijini. Tulikuwa tumemaliza mbizi ya pili, zaidi ya mita arobaini. Mimi nilikaa kwenye kamba mpaka Sireli akanigusa bega, nikapanda mashuani. Yeye alibaki chini. Kila mara alijiongezea muda wake mwenyewe kwenye kamba, na siku ile pia alikuwa na nanga iliyonasa ya kufungua.

Huko chini, wakati tunaondoka, nilikuwa nimewaona. Walikuwa kwenye mteremko wa mchanga, wale majongoo wakubwa weupe wenye vichuchu ubavuni ambao Eparama aliwaulizia kila siku. Sikumwonyesha Sireli. Nilitaka injini ya mashua ya kwangu mwenyewe, hakuna zaidi ya hapo. Nikavaa mtungi mpya.

"Wapi tena?" akauliza mzee Aminiasi.

"Nashuka kidogo."

"Mara ya tatu hiyo. Sireli amesema?"

"Amesema," nikajibu, nikajirusha upande wa pili wa mashua, ambako Sireli asingeniona.

Kwenye kina kile akili inalegea kama umekunywa bakuli zima la yangona peke yako. Nilikuwa na furaha. Nilifuata mteremko, nikiweka kwenye mfuko, na sikutazama saa ya mtungi, ile inayoonyesha hewa iliyobaki, hata mara moja. Hewa ilipoanza kuwa ngumu, kama kunyonya kupitia kitambaa kilicholowa, nilifikiri ni kitu cha kuchekesha. Pumzi iliyofuata haikuja. Hapo nikapiga miguu kuelekea kwenye mwanga.

Nilimpita Sireli kwenye kamba. Nakumbuka uso wake ndani ya miwani, ukigeuka kunifuata, na mkono alioutoa kunidaka ukakosa.

Kwa dakika kumi nilijiona mzima. Nilikuwa hata nimeanza kuutengeneza uongo wa kumwambia. Kisha bega likaanza kuwasha, kama siafu wanatembea chini ya ngozi, na mshipi wa maumivu ukanibana kiunoni. Nilipotaka kusimama nilikuta miguu imelala pale kwenye mbao kama ya mtu mwingine. Nilikojoa bila kujua.

Sireli alipopanda alinifinya paja, akaniangalia usoni, akafinya tena kwa nguvu zaidi.

"Sisikii," nikamwambia.

"Najua." Akamgeukia mzee. "Baba, mitungi iliyojaa imebaki mingapi?"

"Miwili. Na ule wa nusu."

Kijiji kilikuwa mwendo wa saa tatu. Ndege ndogo ya kwenda mji mkuu, kwenye chumba cha kuwashindilia hewa wagonjwa kama mimi, isingeruka mpaka kesho yake. Sireli alitazama upande wa nchi kavu, akatazama maji.

"Tunarudi chini," akasema. "Mapovu yasinyae, halafu tupande pole pole. Ukizimia nitakuwa nimekushika. Ukitapika, tapikia humo humo kwenye kifaa, usikitoe mdomoni. Umesikia, kichwa cha chewa?"

Alinifunga kwake kwa kamba, kifua kwa mgongo, kama mama na mtoto, mzee Aminiasi akatusukuma majini.

Kwenye mita ishirini miguu yangu ilirudi. Ilikuja kwa uchungu, kama maji ya moto yanamiminwa ndani ya mifupa, nikalia, na Sireli akanishika kifundo cha mkono, kidole juu ya mshipa, vile alivyokuwa akiwashika wageni. Tulikaa pale. Sijawahi kukaa mahali pamoja baharini muda mrefu namna ile bila kutafuta chochote. Kundi la mizia lilituzunguka, fedha tupu, likatuona hatuna maana likaenda. Samaki taa mkubwa alipita juu yetu na kivuli chake kikatufunika, kikaondoka. Kuna samaki mdogo wa buluu ambaye kazi yake ni kusafisha wenzake; alikuja akaanza kunidonoa sikio. Papa wawili wa kijivu walikaa mbali kidogo, wakingoja kujua sisi ni nini. Kila baada ya muda Sireli alitupandisha kidogo, mita moja au mbili, tukasimama tena.

Tulipofika mita tano, kwenye fundo, nilimwona akitazama saa ya mtungi wake, kisha wangu. Hewa yangu ilikuwa imekwisha. Akauvuta ule mtungi wa nusu uliokuwa ukining'inia kwenye kamba, akanipa nivute, akavuta yeye, akanipa. Tulibadilishana hivyo kwa muda. Halafu akaitazama saa yake tena.

Hewa ya mtungi ule ingemtosha mtu mmoja tu. Mimi niliyajua hayo, na naamini aliona kwamba nayajua. Yeye alikuwa amekwenda mbizi mbili za kina siku ile, kisha hii ya tatu kwa ajili yangu, na mwili wake ulikuwa na deni la kukaa pale kama wangu au zaidi. Alinifunga kiunoni kwenye fundo ili nisiweze kuelea hata nikitaka. Akaniwekea kifaa mdomoni, akaukandamiza mkono wangu juu yake. Akaonyesha ishara ya kubaki: mpaka hewa iishe. Kisha akapanda.

Nilibaki peke yangu chini ya mashua, nikivuta hewa ile. Sikujaribu kujifungua.

Nilipotokea juu miguu yangu ilikuwa baridi lakini ilitembea. Mpaka leo ule wa kushoto naukokota kidogo. Sireli alikuwa amelala chali kati ya magunia, mzee Aminiasi akiwa usukani, machozi yanamtoka bila sauti.

"Peceli," Sireli akasema, "hebu jitazame. Huko chini umevaa miguu yangu?"

Kesho yake ndege ilikuja. Walimwingiza kwenye kile chumba mara nyingi, siku nyingi, na madaktari walifanya yote wanayoyajua. Walisema kama angefika saa zile zile za kwanza. Hakuna aliyekuwa na haja ya kumalizia sentensi hiyo. Kuanzia kiunoni kwenda chini hakukurudi kitu.

Eparama alikuja hospitali na maembe. Alisimama nasi ukumbini, mzee Aminiasi na mimi, akauliza kwa sauti ya huruma ni nani aliyeruhusu mbizi ya tatu.

"Sireli," akasema mzee. "Nilimuuliza Peceli, akaniambia Sireli amesema."

Eparama akanitazama. "Ndivyo?"

"Ndivyo," nikasema.

Ilikuwa rahisi kuliko nilivyotegemea. Miezi minne baadaye Sireli aliporudishwa Vunidilo katika kiti cha magurudumu, ambacho kilizama kwenye mchanga mita mbili kutoka kwenye mashua, kila mtu alikwishajua kwamba Mchungaji alivunja sheria yake mwenyewe kwa tamaa. Walimbeba mpaka nyumbani, watu sita, wakiimba. Walimpikia magimbi, na samaki kwa tui la nazi. Lakini nilisikia sauti zao zilivyobadilika walipokuwa wakimzungumzia. Palikuwa na huruma, na ndani ya huruma palikuwa na kitu kama kuridhika.

Maisha yake baada ya hapo yalikuwa ya mkeka. Akosita alimgeuza kila baada ya saa chache, usiku na mchana, na bado vidonda vilitoka kwenye makalio na visigino, vidonda ambavyo yeye mwenyewe hakuvisikia ila kwa harufu. Alisuka nyavu. Alirekebisha taa na redio za watu. Mimi nilikwenda kila siku. Nilichota maji, nilipasua kuni, nilimbeba kwenda kuoga, na nilimtania, naye akanitania.

"Mikono yako myepesi leo," aliniambia wakati mmoja nikimbeba. "Umekula dhambi gani?"

Nilicheka. Sikujua kama ulikuwa utani. Miaka minne tuliishi hivyo.

Mwaka wa tano Eparama alirudi na mashine mpya na fungu jingine la yangona. Alisema safari hii kuna vifaa bora, na kwamba kule kwenye mwamba wa nje bado wapo. Mkutano uliitwa Jumamosi mchana. Sireli alituma neno kwamba anataka kubebwa. Tulimbeba mimi na mdogo wake, Ilaitia, mtu wa miaka thelathini, mwenye mabega mapana, ambaye zamani alikuwa mmoja wa wale walioimba kwenye kamba.

Sireli aliomba ruhusa ya mkuu, kisha akavuta sulu yake, ile nguo tunayojifunga kiunoni, akawaonyesha wanaume wote mapaja yaliyokuwa yamekonda kama vijiti vya muhogo, na kidonda chenye kina cha kuingia kidole. Hakuongea sana.

"Nawaombeni asishuke mtu," akasema. "Ni hilo tu."

Mzee mmoja, mtu mzuri, akapiga makofi ya adabu akasema: "Sireli, tunakuheshimu, na tunakulilia. Lakini tusidanganyane, mwanangu. Sheria zako zilikuwa nzuri. Mbizi mbili. Zingefuatwa, leo ungekuwa unatembea. Vijana wetu watazifuata."

Sireli hakumtazama mzee. Alinitazama mimi. Hakukuwa na hasira machoni pake. Alikuwa anangoja tu, kama anavyongoja mtu mlangoni wakati anajua umo ndani. Nilikuwa nimekaa hatua mbili kutoka kwake. Bakuli lilikuja, nikapiga kofi moja, nikapokea kifuu, nikanywa. Mazungumzo yakaendelea. Wakakubali, na wakamchagua Ilaitia awe kiongozi wa wapiga mbizi, kwa sababu ni ndugu yake Sireli na alifundishwa naye.

Ilaitia alifuata sheria zote. Wiki ya nane kifaa chake kiliziba akiwa chini kabisa, akapanda kwa pumzi aliyokuwa nayo, na alipofika juu damu ilikuwa inamtoka mdomoni. Hakukuwa na mtu wa kumrudisha chini, wala mtungi. Alikufa kabla mashua haijaanza safari.

Siku ya pili baada ya maziko nilichukua jino la nyangumi alilotuachia baba yetu, na fungu la yangona, nikaenda nyumbani kwa Sireli. Niliingia nikitambaa, nikakaa karibu na mlango, kichwa chini, kama anavyokaa anayekuja kuomba msamaha wa jambo kubwa. Akosita alikuwa ndani. Mzee Aminiasi pia alikuwa ndani. Nikasema. Nilianza na mfuko na wale weupe kwenye mteremko, nikasema lile neno nililomjibu mzee mashuani, na lile nililomjibu Eparama hospitalini, na ukimya wangu wa mkutanoni.

Kwa desturi, aliyeletewa jino hawezi kulikataa. Sireli alinyoosha mkono, akaligusa, akasema maneno yanayotakiwa. Sauti yake ilikuwa kavu.

"Nilijua," akasema baadaye. "Tangu kesho yake, kwenye ndege. Mzee aliniuliza kwa nini nilikuruhusu. Nikajua umemwambia nini."

"Mbona hukusema?"

"Wewe ni kaka yake Akosita. Nilikuwa nangoja useme wewe."

Akageuza uso ukutani. Akaongeza, bado akitazama ukuta, "Pale mkutanoni Ilaitia alikuwa amekaa hapo hapo, Peceli. Angesikia, asingeshuka."

Akosita aliinuka, akanipita, akaenda nje kuanua nguo.

Nililisema tena Jumapili mbele ya kijiji kizima. Mzee yule wa mkutanoni alilia. Eparama alikwishaondoka na mashine yake wiki ile ile Ilaitia alipokufa. Wengine wameacha kunisalimu, wengine wananisalimu zaidi kuliko zamani, na hao ndio siwezi kuwavumilia.

Sireli aliishi miezi kumi na minne tu baada ya hapo. Aliniacha niendelee kuja. Hakunitania tena, na mimi sikuthubutu. Mara moja, bahari ikiwa imetulia, aliniomba nimpeleke majini. Nilimbeba mpaka maji yakanifika kifuani, nikamlaza kifudifudi juu ya mikono yangu, na miwani yake ya zamani usoni. Alitazama chini muda mrefu. Mimi pia nilitazama. Mchanga pale zamani ulikuwa mweupe, majongoo walikuwa wanaula na kuutema ukiwa safi siku zote. Sasa ulikuwa umeota utando wa kijani na kahawia, kama sufuria isiyooshwa. Kikande mmoja alikuwa anachimba ndani yake, bila kupata kitu.

Sireli aliinua kichwa. "Inatosha," akasema. Nikamrudisha.

Figo ndizo zilizomuua, Jumanne asubuhi, Akosita akimpa chai. Baada ya siku mia za maombolezo, kijiji kilifunga mwamba wote, ndani na nje, na bado umefungwa. Dada yangu alihama kisiwa.

Mwaka jana alinitumia neno kupitia kwa mchungaji, kwamba binti yao Vasemaca, aliyekuwa shule mjini wakati mambo haya yakitokea, amekuwa mtu mzima, na mimi ndiye ninayepaswa kumweleza, siyo yeye. Nikapanda meli, nikafika Suva, mji mkuu, nikaenda mpaka kwenye chumba anachopanga nyuma ya duka la vitambaa anakofanya kazi. Alinitandikia mkeka, akaniletea chai na muhogo. Nikamweleza yote, kama nilivyoyaeleza hapa. Ana uso wa baba yake.

"Mjomba," akasema nilipomaliza, "kwenye kamba, alipoachia, alikuwa anaogopa?"

"Sikuona woga. Alikuwa anafikiri."

Akaitikia kwa kichwa. Akanisogezea muhogo, kwa sababu sikuwa nimekula.

"Na ile mbizi yako ya tatu," akauliza, "ulipata wangapi?"

"Wanne."

"Wanne," akasema. Aliichukua birika, akanimiminia chai tena, akaenda kuangalia kama kuna mteja dukani.